Nilivyobadilishiwa eabegi bure kwenye gari la mtumba: uzoefu wangu kutoka Dodoma

Huduma ninayoielezea haina bango barabarani wala dalali wa kukupeleka. Ni rikoli: mtengenezaji akigundua kasoro ya usalama, anayaita magari yenye kasoro hiyo na kuyarekebisha kwa gharama yake. Wengi tunaoendesha magari yaliyotumika Japani tunaona hayo ni mambo ya walionunua gari jipya. Lakini rikoli inafuata namba ya chesisi, haimfuati mmiliki. Hata ukiwa mmiliki wa nne, kama kazi haikufanyika, kwenye kumbukumbu za mtengenezaji gari lako bado linasubiriwa.

Langu ni gari dogo la mwaka 2006, lilishushwa bandarini Dar mwaka 2016, nami nikalichukua kwenye yadi moja hapa mjini. Chapa naiacha, kwa sababu habari hii inagusa chapa nyingi. Kilichonifanya nikague ni sakata la Takata, kampuni ya Kijapani iliyosambaza eabegi, yaani mifuko inayofumuka ajali ikitokea ili kumkinga aliyeketi, kwa watengenezaji wengi wa magari duniani na kufilisika mwaka 2017. Ndani ya eabegi zake kulikuwa na kemikali ya kuzifumua, amonia naitreti, ambayo huharibika miaka inavyokwenda, hasa penye joto na unyevu. Gari likigongwa, kemikali hiyo hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kasha la chuma linapasuka na vipande vinamrukia aliyeketi mbele. Marekani peke yake ziliitwa eabegi takriban milioni 67. Japani nayo, kuanzia Mei 2018, ikaanza kuyanyima kibali cha ukaguzi wa lazima magari yenye zile za hatari zaidi kama hayajarekebishwa. Sasa piga hesabu ya yaliyokuwa yameshapanda meli kabla ya hapo.

Jamaa mmoja kazini alinituliza kwamba Dodoma ni kukavu, tuwaachie wasiwasi watu wa Dar na Tanga. Ana hoja, lakini nusu. Joto kupanda na kushuka kila siku nalo huichosha ile kemikali, na gari langu linashinda juani kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, mpaka usukani haushikiki, kisha usiku wa Juni linapigwa na baridi.

Kukagua kwenyewe naipa alama zote. Namba ya chesisi iko kwenye kadi ya gari, na imegongwa pia kwenye bodi. Usihangaike na tovuti ya serikali ya Marekani: inataka namba ya herufi na tarakimu 17, wakati gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi, yaani modeli, kistari, kisha tarakimu. Ingia tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji wako, tafuta ukurasa wa rikoli, iache simu itafsiri. Hulipi kitu. Langu lilitoa mistari miwili: swichi ya vioo, imefanyika; eabegi ya abiria, bado. Na katika makaratasi yote niliyokabidhiwa yadi, hakuna hata moja lililogusia jambo hilo.

Baada ya hapo alama zinashuka. Fundi wangu wa mtaani, ambaye kwa breki na klachi simbadilishi na mtu, alinipa suluhisho la haraka: "Dada, hiyo nakata waya, naweka rizista, taa inazima, unasahau." Rizista ni kipande kidogo cha umeme cha kuudanganya mfumo kwamba eabegi iko sawa. Nilikataa, na wewe kataa. Taa ya onyo ya eabegi ikizimwa kwa ujanja, anayekuja kununua gari hilo kesho hatajua kabisa. Kataa pia eabegi iliyong'olewa kwenye gari la ajali, maana huenda nayo imeitwa.

Kwa wakala wa chapa yangu, Dar, dada wa mapokezi alinijibu kwamba gari hilo hawakuliuza wao. Sikubishana naye. Niliandika barua pepe kwa meneja wa karakana, nikaambatisha nakala ya kadi na ule ukurasa wa Kijapani, nikauliza swali moja tu: mtengenezaji anagharimia au hagharimii? Jibu likaja kwamba spea itaagizwa. Kusubiri ndiko kulikochosha. Ilikuwa miezi, si wiki. Muda wote huo hakuna aliyekalia kiti cha mbele cha abiria, na mume wangu akawa anaendeshwa akiwa nyuma kama waziri, jambo ambalo naona alilifurahia kuliko alivyokiri.

Kazi yenyewe haikuchukua hata asubuhi nzima. Spea sikulipia, ufundi sikulipia. Mafuta ya kilomita kama 450 kwenda, na nyingine kurudi, ni yangu. Usidhani kila wakala atakubali gari ambalo hakuliingiza yeye. Ndiyo maana nashauri uandike, usiishie kaunta.

Kuna walioniuliza kwa nini sikudai hela yangu kama Wamarekani. Zile sheria zao za gari bovu, zilizoanzia jimbo la Connecticut mwaka 1982, kwa sehemu kubwa ni za gari jipya lililo ndani ya waranti, lililorudishwa karakana mara kadhaa kwa tatizo lile lile bila kupona. Kuwa na rikoli tu hakukupi haki hiyo, hata kule. Kwetu kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: mfanyabiashara anatakiwa auze bidhaa yenye ubora unaofaa, ila mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha. Kipande kilichofichwa ndani ya dashibodi nani angekiona? Nilimweleza hivyo mwenye yadi, nikamtajia na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo pia hulinda walaji. Akanijibu, "Mama, gari si liliondoka hapa linawaka?" Nikaona spea inakuja bure, kesi ya nini.

Ukifanikiwa, usiondoke karakana bila karatasi yenye namba ya chesisi na maelezo ya kilichobadilishwa. Ule ukurasa wa Japani mpaka leo unaniandikia "bado", kwa hiyo siku nikiuza, karatasi hiyo ndiyo nitakayompa mnunuzi.