Saa za Seiko 5 za zamani River Road, Nairobi: kwa huyu fundi mfuniko unafunguliwa kabla ulipe

Nianze na bei juu najua ndio wengi mnatafuta. Seiko 5 ya zamani yenye mashine ya 7009 (hiyo ni namba ya aina ya mashine ya ndani) fundi aliitisha shilingi 3,500, tukaongea, ikafika 2,600 na kusafishwa ndani yake. Si bei ya kutupa, mtaani utapata mtu anakuitishia 1,500 na mwingine 6,000 kwa saa ile ile. Kilichonifanya niandike ni kwamba huyu mzee anafungua saa uone ndani kabla hata M-Pesa ufikirie kuitoa. Duka nililopitia kwanza, sitalitaja, nilipoomba wafungue niliambiwa nilipe alafu nikafungulie nyumbani. Nikasema asante, nikatoka.

Mzee yuko kwenye moja ya zile korido za kutokea River Road, kameza ka kioo, taa moja, na kale kakioo mafundi wa saa hubana jichoni. Hana maneno mengi. Nilimwambia, "Mzee, naomba tuangalie nyuma kwanza," akasema tu, "Kaa hapo kijana," akachukua spana yake.

Sasa hizi saa zenyewe. Watu huuliza kama ni orijino ama feki, na feki kabisa kusema ukweli hazisumbui sana kuzishika. Angalia mkono wa sekunde: ukiruka mara moja kila sekunde basi ndani kuna betri, na Seiko 5 tangu ianze 1963 ni otomatiki, haina betri. 7009 inapiga mara 6 kwa sekunde kwa hivyo mkono unaenda kwa vihatua vidogo vidogo karibu usivione. Pia kuna wauzaji wanazungusha kitufe cha pembeni mbele yako eti wanaijaza. 7009 haijazwi kwa kitufe, inajazwa na mkono wako ukitembea, na ndio maana kwa nyingi kitufe kimefichwa kidogo pale saa kumi kamili badala ya kutokeza pale saa tisa.

Zenye zinasumbua ni za kuchanganya. Mashine ni ya Seiko kweli, bodi, yaani ganda la nje, imetoka kwa saa nyingine, na uso umepakwa rangi upya India, zile wapenzi wa saa huziita Mumbai. Uso mwekundu ama wa kijani unang'aa hakuna hata doa, na bodi imekwaruzika kila pahali, ni kama mzee wa miaka sabini amepaka piko. Ukisogeza karibu, maandishi ni manene, mistari ya dakika haijakaa sawa, na rangi ya kung'aa gizani iko kwa mikono lakini kwa uso hakuna. Mimi sisemi usinunue hiyo, kama rangi imekupendeza nunua, lakini ilipiwe bei ya saa iliyopakwa.

Hapo ndio namba zinasaidia. Nyuma ya mfuniko kuna namba ya mafungu mawili, la kwanza ni la mashine, la pili ni la bodi. Chini kabisa kwa uso, pale saa kumi na mbili, kuna maandishi madogo sana yanayoanza na namba ya mashine. Na mashine yenyewe imechapwa jina lake ndani. Hizo tatu zikikubaliana uko pazuri. Yangu uso ulisema 7009, mfuniko 7009, ndani 7009A. Nyingine aliyokuwa nayo mezani mfuniko ulisema 6119 na ndani ni 7009, na mzee ndiye alinionyesha mwenyewe bila kuulizwa, akasema hiyo anauza kwa bei ya chini. Hapo ndio nilimwamini.

Kuna namba nyingine nyuma, mbali na hiyo ya mafungu mawili, inasema ilitengenezwa lini. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, alafu O, N na D ndio Oktoba, Novemba, Desemba. Yangu inaanza na 4D, yaani Desemba ya mwaka unaoishia na 4. Muongo hauandikwi, huo unaupata kwa aina ya mashine.

Ndani niliangalia kutu, hasa pale kijiti cha kitufe kinaingilia, juu maji hupitia hapo kwanza. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umegeuka uji mweusi, jambo la kawaida kwa saa za umri huo, akaukwangua akaweka mwingine. Kwa mfuniko ndani kulikuwa na vialama vimekwaruzwa na mafundi wa zamani, na mimi hizo hunifurahisha, ni ishara saa ilikuwa inahudumiwa. Ile chuma nusu duara inayozunguka ukisikia inakwaruza mfuniko ukitikisa, hiyo ni kazi ya ziada na bei lazima ishuke. Tarehe na siku zibadilishe zote mbili kabla uondoke. Kwa yangu siku zinakuja kwa Kiingereza na Kiarabu, nadhani ilianza maisha yake huko Ghuba.

Malalamiko yangu kwa mzee: risiti hakuna, garanti ni mdomo tu ya wiki mbili, na hana mashine ya kupima maji. Kwa hivyo hayo maneno ya kuzuia maji yaliyoandikwa kwa uso yasahau, mvua ya Aprili ikikupata Tom Mboya itie mfukoni. Pia foleni yake ni ndefu mchana, watu wanaleta betri za kubadilisha na yeye anaacha kazi yako anawashughulikia, nikakaa hapo mpaka nikachoka.

Inapoteza kama nusu dakika kwa siku, kwangu ni sawa. Nampa nne kwa tano. Mkanda nunua kwingine, hizo zake za chuma zinang'oa nywele za mkono.