Chai ya asumini au oolong nyepesi: ununue ipi kwanza?

Kama una hela ya pakiti moja tu, nunua chai ya kijani ya asumini, ya majani mazima, ya bei ya katikati. Oolong nyepesi (chai iliyo kati ya ya kijani na nyeusi) iliyo nzuri inaipita, tena kwa mbali, ila ni ghali, ni ngumu kuipata, na haivumilii uzembe wa muuzaji wala joto la kabati. Zote mbili hunywewa bila maziwa. Anayetaka chai ya kuchemsha na maziwa na tangawizi abaki na majani yake ya Kericho au Mufindi, huku atatupa pesa.

Majani ya chai ya kijani hupigwa moto mapema ili yasibadilike rangi, na ya asumini hupewa harufu ya maua baadaye. Oolong nyepesi haitiwi ua lolote. Majani hunyaushwa, hutikiswa mpaka kingo zichubuke, huachwa yashike hewa kidogo, ndipo hukaangwa. Ile harufu ya maua unayoisikia kikombeni imetoka kwenye jani lenyewe. Kwa hiyo asumini inaweza kufunika chai hafifu, lakini oolong ikiwa mbovu utaijua kwa funda la kwanza.

Asumini yenye sifa ya zamani ni ya Fuzhou, mkoani Fujian, ingawa siku hizi maua mengi ya China hulimwa Hengzhou, Guangxi. Ua ni lilelile la vikuba vya pwani yetu, na aliyewahi kulitunga anajua tabia yake: huchumwa likiwa tumba, hufunguka usiku. Wachina nao hufuata saa hizohizo. Majani ya chai yaliyochumwa kwenye miezi ya Machi na Aprili hutunzwa hadi msimu wa maua, hulazwa pamoja na matumba usiku kucha, asubuhi maua yakachekechwa na majani yakakaushwa upya. Kisha huletwa maua mengine. Chai ya kawaida hupitia hivyo mara mbili tatu, ya daraja la juu hata mara saba.

Sasa tazama pakiti iliyojaa petali nyeupe. Wengi huidhania ndiyo bora, kumbe maua yakishatoa harufu huondolewa, na petali zilizobaki mara nyingi ni pambo. (Iko chai moja ya Sichuan, Bi Tan Piao Xue, inayoachiwa petali kwa makusudi, zielee juu ya maji.) Kipimo cha kweli ni kikombe cha pili. Weka gramu 3 kwenye maji ya mililita 250, yaliyopoa hadi nyuzi 80 hivi, subiri dakika mbili, chuja, kisha mimina maji mengine juu ya majani yaleyale. Harufu iliyopulizwa kiwandani huisha pale pale. Ya maua halisi hubaki. Ikikuwia chungu, usiilaumu chai kabla hujapunguza moto: maji yanayotokota huibabua.

Ya pili kwenye orodha yangu ni oolong nyepesi iitwayo Tieguanyin, ya Anxi, nayo ni ya mkoa huohuo wa Fujian. Nimeiweka hapo kwa sababu ya ufungaji wake. Huuzwa kwenye vipakiti vidogo vilivyonyonywa hewa, vya gramu 7 au 8, kila kimoja cha kikao kimoja. Oolong nyepesi huchakaa upesi ikikaa kwenye joto, na kopo la nusu kilo lililofunguliwa Mombasa au Muscat litakuwa limepoteza harufu yake ya maua kabla hujafika katikati. Vipakiti viweke kwenye friji. Ukinunua dukani, uliza vilikuwa vimewekwa wapi. Vikiwa vimepigwa na jua la dirishani, viache.

Majani yake huja kama punje ngumu za kijani. Yapige maji ya nyuzi 95 na uyaangalie yakifunguka: utakuta jani pana, nene, na mara nyingi kingo zake zimechanika. Si ubovu huo. Watengenezaji wa mtindo huu huziondoa kingo zilizogeuka nyekundu ili chai itoke angavu. Ukikuta vumbi na vipande vipande, hapo umeuziwa mabaki.

Ya tatu, oolong ya milima mirefu ya Taiwani, kama Alishan, inayolimwa juu ya mita 1,000. Kwa utamu peke yake ingekuwa ya kwanza. Imeshuka kwa sababu ya bei, na kwa sababu jina la mlima ni rahisi kuchapisha kwenye kopo. Nunua kwa anayetaja eneo na mwaka wa mavuno, la sivyo acha.

Kuhusu bei, usilinganishe pakiti kwa pakiti. Gramu 100 za asumini, kwa kipimo nilichotaja na kumiminwa mara mbili, zinatoa zaidi ya lita 16. Gramu 100 za oolong, ukitumia gramu 6 kwenye kibirika cha mililita 120 na kurudia mara tano, zinatoa kama lita 10. Nyumba yenye watu wengi ichukue asumini.

Ya nne ni lulu za asumini, matumba ya chai yaliyoviringwa kwa mkono. Nzuri kwa zawadi, hasa ukiwa na glasi ya kuonyesha zinavyofunguka. Kwa kunywa kila siku unalipia mkono wa mviringaji.

Oolong ya maziwa ina mtego. Ipo ya kweli, aina ya mche uitwao Jin Xuan, ambayo harufu yake ya maziwa ni hafifu puani. Pakiti ikinuka pipi mara tu unapoifungua, imetiwa ladha.

Mwisho kabisa, asumini ya mifuko. Ina kazi moja inayoiweza: mifuko minne kwenye lita ya maji baridi, ilale kwenye friji usiku mzima, asubuhi uikamulie ndimu na utie sukari upendavyo.