Trela la hema lililotumika: tathmini baada ya kulimiliki Minnesota

Kwa familia yenye watoto inayoishi Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, na kupenda kulala kambini wakati wa kiangazi, trela la hema lililokwishatumika ni ununuzi mzuri kwa sharti moja: mnunuzi awe na mahali pa kulikunjua na kulikausha nyumbani. Anayeishi ghorofani na kuegesha gari barabarani aachane nalo hata akiuziwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu kinachoyamaliza matrela haya si barabara wala umri, bali ni maji yanayobaki ndani ya turubai lililokunjwa likiwa bichi.

Kwa wasiolifahamu, trela hili likiwa limefungwa ni sanduku fupi la magurudumu mawili, ambalo dereva huona juu yake bila shida kwa kioo cha ndani cha gari. Likifika kambini, mtu huzungusha mpini wa winchi iliyo mbele, paa likapanda juu ya nguzo nne za pembeni, kisha vitanda viwili vikavutwa nje, kimoja mbele na kingine nyuma, na turubai likavifunika. Muundo huu si mpya: kampuni ya Jayco ya Middlebury, Indiana, ilianzishwa na Lloyd Bontrager mwaka 1968 kwa kutengeneza matrela ya namna hii, yenye mtambo wa kunyanyulia paa aliouvumbua mwenyewe. Letu ni la kampuni nyingine, sanduku lake lina urefu wa futi 10, uzito wake ukiwa halijapakiwa unakaribia kilo 700, na tulilinunua kwa mtu binafsi kwa dola 2,800.

Muuzaji akikuambia kwamba trela limeshafungwa kwa ajili ya baridi na kwamba picha zinatosha, mshukuru na uondoke. Trela lisilokunjuliwa mbele yako ni sawa na kununua mbuzi kwenye gunia. Aliyetuuzia alikuwa mtu mwungwana. Alilifungua lote, akatuacha tupekue, na tulipokanyaga pembeni mwa mlango sakafu ikabonyea sehemu ya ukubwa wa kiganja. Tulibonyeza mbao za chini kwa mpini wa bisibisi kutoka pale kuelekea katikati mpaka tulipokuta ugumu, tukahakikisha kwamba uozo haujafika kwenye fremu ya chuma, na bei ikashuka papo hapo. Pembe za paa na mbao zilizo chini ya magodoro zipimwe kwa namna hiyo hiyo. Pua nayo ni kipimo: harufu ya kuvu iliyokolea katika turubai haitoki kwa sabuni, na turubai jipya la kushonesha linaweza kugharimu karibu kama trela lenyewe.

Baada ya sakafu, kinachofuata kwa uzito ni mtambo wa kunyanyua. Paa linapaswa kupanda sawasawa pembe zote nne. Likipanda kombo, huenda waya wa chuma umelegea, umeanza kuchanika nyuzi, au kapi imekwama, na kazi ya kuubadilisha ni ya fundi anayejua, si ya jirani mwenye spana. Mpini ukiachiwa, paa libaki pale pale bila kuteremka. Hata hivyo, mtu asipenyeze mkono wala kichwa chini ya paa lililopanda nusu bila kuwekewa kizuizi.

Matairi humdanganya mnunuzi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa trela hukaa zaidi ya linavyotembea, na tairi linaweza kuwa mbali kabisa na kipara ilhali mpira wake umekwisha. Tazama tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza kwa herufi DOT ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lini lilitengenezwa: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Yaliyozidi miaka sita tunayahesabu kuwa ya kutupa, hata yakimeremeta. Beringi za magurudumu husafishwa na kujazwa grisi mpya kila majira ya kuchipua, na tukisimama kujaza mafuta safarini naweka kiganja karibu na kitovu cha gurudumu. Joto likizidi upande mmoja, safari husimama hapo.

Matunzo ya turubai ni rahisi ila yanataka uvumilivu. Mvua ikitunyeshea asubuhi ya kuondoka, tunalikunja hivyo hivyo, lakini tukifika nyumbani hatulali kabla ya kulifungua tena. Madoa tunayasugua kwa brashi laini na maji ya siki, kamwe si kwa dawa ya klorini, ambayo huoza nyuzi za mshono. Maungio ya paa yazibwe kwa utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata. Silikoni ya bafuni ikishapakwa, hakuna kitu kingine kitakachoshika juu yake.

Ndani, sifa kubwa naipa hita ya gesi, maana usiku wa kando ya Ziwa Superior huwa wa baridi hata mwezi Julai, mradi kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu, iwe inafanya kazi na tarehe yake haijapita. Friji ni dhaifu: hupooza kwa kutumia joto la gesi au umeme, hutaka trela likae sawa kabisa, na siku za joto hushindwa, kwa hiyo nyama yetu hukaa kwenye sanduku la barafu. Jiko lake la mafiga mawili linafaa chai na mayai, ila ugali wa watu watano ukisongwa juu yake trela zima hutikisika. Tunasongea nje.

Mwenye ndoto ya kulala katika hifadhi ya taifa ya Yellowstone ajue pia kwamba kambi ya Fishing Bridge hairuhusu trela lolote lenye kuta za turubai, kwa sababu ya dubu, na mlinzi hatasikiliza maelezo.

Majira ya baridi hudai kazi ya nusu siku: kuondoa maji yote, kupitisha dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia mabomba yasigande, kuingiza betri na magodoro nyumbani, na kuziba kila tundu la chini kwa stilwaya ya kusugulia masufuria, kwa kuwa panya hutoboa turubai kwa usiku mmoja. Theluji nayo ifagiliwe juu ya paa kabla haijarundikana, kwa ufagio laini, si kwa koleo.