Kupaka Rangi Tangi la Pikipiki ya Zamani: Anza Kukagua Mdomoni

Mwezi wa nne mwaka jana nililipa shilingi 220,000 katika karakana moja ya Unga Limited, hapa Arusha, ili tangi la Honda CG125 aliyoniachia marehemu baba lirudishiwe wekundu wake na mistari yake miwili ya dhahabu. Lilitoka linang'aa kama kioo. Siku ya tatu kijana wa sheli alijaza kupita kiasi, petroli ikamwagika kuzunguka mfuniko, na nilipoipangusa kitambaa kikatoka chekundu. Kabla ya mwezi wa saba rangi ilikuwa imebanduka kuanzia mdomo wa tangi hadi kwenye mstari wa kwanza.

Sitaeleza namna ya kuchagua rangi wala kupima unyoofu wa mistari, kwa kuwa hayo kila mwenye pikipiki huyaona mwenyewe. Nataka tutazame mdomo wa tangi, mahali ambapo karibu kila fundi hubandika utepe wa karatasi kabla ya kupuliza, kisha huubandua akiamini kazi imekwisha. Pale utepe ulipoishia, klia, yaani tabaka angavu la mwisho linalofunika rangi, huacha ukingo ulio wazi, na ukingo huo hukaa chini kidogo tu ya mpira wa mfuniko, ambao katika pikipiki za umri huu mara nyingi umekakamaa na kupitisha petroli. Petroli hupenya chini ya ukingo na kuinua rangi kutokea chini, hata kama klia yenyewe ni nzuri. Kwa hiyo mwambie fundi, kabla hujampa malipo ya awali, kwamba klia ishuke juu ya mdomo hadi mahali mpira unapokalia, na kwamba iwe klia ya kuchanganywa na hadena, yaani kemikali ya kuigandisha, kwa kuwa ile inayokauka kwa hewa peke yake hulainika ikiguswa na petroli.

Kati ya njia za kulipamba na kulikinga tangi, nafasi ya kwanza naipa michoro ya mkono iliyofunikwa kwa klia ya hadena. Wachoraji wa mabango ya maduka bado wapo Arusha na Moshi, na mkono uliozoea kuandika majina ya maduka huvuta mstari wa dhahabu kwenye mzingo wa tangi kwa namna ambayo stika haiwezi, ilimradi mchoro uachwe ukauke kabisa, la sivyo tina, kiyeyushio kilichomo ndani ya klia, itaukunja. Kwa klia yenyewe nasema wazi kwamba napendelea Spies Hecker ya Ujerumani. Ndiyo iliyo kwenye tangi langu sasa, na petroli imekwisha kulimwagikia mara nyingi bila kuacha hata doa.

Nafasi ya pili ni stika zilizokatwa kwa mashine na kuzikwa chini ya klia hiyo hiyo. Kingo zake huonekana na kupapasika, hivyo fundi apulize matabaka kadhaa na kupiga msasa wa maji katikati, na ukiona anataka kumaliza kwa siku moja, mnyime kazi.

Ya tatu ni SprayMax, kopo la kupuliza klia lenye hadena ndani yake, ambayo huachiliwa kwa kubonyeza kitufe cha chini. Ukishalibonyeza una takriban saa 48 za kulitumia. Humfaa anayejipakia mwenyewe, lakini hadena ina aisosianeti, kemikali inayoweza kuleta pumu, na kitambaa puani hakikingi chochote. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi.

Rangi ya unga inayookwa siishauri kabisa kwa tangi kuukuu. Tanuri hufika nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, ilhali risasi ya kulehemu iliyochanganywa na bati huanza kuyeyuka kwenye 183, na matangi mengi ya zamani yamekwisha kuzibwa kwa risasi hiyo. Makopo ya kawaida ya kupuliza na stika zilizobandikwa juu ya rangi ni za bei nafuu, na mdomoni hazidumu.

Linaloniumiza zaidi ni wauzaji wanaopima hadena kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo wala tarehe. Hadena hudhuriwa na unyevunyevu wa hewa. Chupa iliyofunguliwa mara kumi wakati wa masika haikaushi tena ipasavyo, na anayelaumiwa ni fundi. Duka moja lilikataa kunifungulia kopo jipya mbele yangu, kisha likanitajia bei ya juu kuliko ya mteja aliyenitangulia, eti kwa sababu pikipiki yangu ni ya kizamani. Niliagiza klia na hadena yake kutoka Nairobi, makopo yakafika yakiwa yamefungwa, nikamkabidhi fundi siku ile ile ya kupuliza.