Historia ya kwetu au mbio za kina Bayi?

Kama una hela ya kitabu kimoja tu cha dogo, mi nasema anza na cha michezo. Cha historia ya hapa Dodoma nakipenda sana, unapata Wagogo na ng'ombe wao, michoro ya kale ya miambani ya Kolo kule Kondoa iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2006, mji kuteuliwa makao makuu 1973, ila vingi nilivyosoma vimekaa kiripoti mno, dogo anasinzia mapema. Sasa mpe Filbert Bayi, mkimbiaji wetu Mtanzania, Michezo ya Jumuiya ya Madola Christchurch 1974, kaongoza mita 1500 toka mwanzo mpaka utepe, 3:32.2, rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand kamkimbiza hadi mwisho na hakumpata! Na John Stephen Akhwari, Mtanzania mwingine, Olimpiki ya Mexico 1968, goti bandeji, kamaliza marathoni wa mwisho ila kamaliza. Hapo usingizi unakata kabisa.