Garand ya CMP au Mosin ya muuza masalia: bunduki kuukuu za jeshi kwa posta Marekani

Kabla ya 1968, Mmarekani alijaza kuponi ya jarida, akatuma hela, bunduki ikaja kwa posta. Machi 1963 Lee Harvey Oswald, aliyetajwa kuwa muuaji wa Rais Kennedy, aliagiza hivyo bunduki ya Carcano ya Kiitalia kutoka duka la Klein's la Chicago, kwa jina bandia. Sheria ya 1968 ikakomesha mchezo huo, ila njia mbili za kuletewa mzigo hadi mlangoni bado zipo.

Ya kwanza ni CMP (Civilian Marksmanship Program), shirika lisilo la faida linalouza Garand, bunduki kuukuu za jeshi la Marekani lenyewe. Masharti ni mengi: uwe raia, mwanachama wa klabu, uwe na ushahidi wa kulenga shabaha, tena uchunguzwe rekodi yako. Lakini kitako hata kikiwa na michubuko, mtutu umepimwa na daraja la ubora limeandikwa.

Ya pili ni leseni ya mkusanyaji wa silaha za kale, dola 30 kwa miaka 3, kwa silaha zilizofikisha miaka 50. Hapa uwanja ni mpana: Mosin ya Urusi, Mauser ya Ujerumani, Enfield ya Uingereza. Tatizo, unanunua bila kuona. Mosin huja imelowa grisi nzito ya ghalani, na mpaka uioshe yote hujui kama ndani ya mtutu kuna kutu. Risasi zake za zamani nazo huacha chumvi inayoleta kutu. Usipousafisha mtutu siku hiyohiyo, umekwisha.

Wa kulenga shabaha achukue Garand. Leseni inamfaa mpenda historia, na kila anachonunua lazima akiandike daftarini. Sheria za jimbo azisome kwanza. California, kwa mfano, ina zake.