OV-fiets za Uholanzi: baiskeli za kukodi stesheni, maoni ya mtu wa Tabora

Watu wa Tabora baiskeli hatufundishwi, ndo maana nimeamua niandike hii, maana wengi wakirudi kutoka Uholanzi wanasifia treni na maua basi. Mi nasoma Utrecht, mji wa huko huko Uholanzi, sasa hivi nipo nyumbani likizo, na pale kijiweni kwa mafundi baiskeli nimeulizwa maswali mpaka nikaona bora niyaandike sehemu moja.

OV-fiets ni baiskeli za kukodi za NS, lile shirika la reli la huko. Zina rangi ya bluu na njano na zipo stesheni nyingi za treni. Yaani chukulia umeshuka stesheni ya Tabora unaenda Kwihara, badala ya kubishana bei na bodaboda unachukua baiskeli hapo hapo, unazunguka nayo siku nzima, jioni unairudisha unapanda treni yako. Bei ni yuro 4 na senti kadhaa kwa saa 24, kwa hela yetu inapita 10,000, na najua kuna mtu hapo ameshaguna, ila huko hiyo ni kama hela ya kikombe cha kahawa kwahiyo kwa kweli ni rahisi.

Ila mgeni wiki ya kwanza sahau. Lazima uwe na kadi ya usafiri yenye jina lako na akaunti ya benki, benki nao wataulizia BSN, ndo namba yako ya utambulisho, BSN inatoka manispaa, manispaa wanataka anuani ya unapoishi, na chumba cha kupanga huko ni msala mwingine kabisa sitaki hata kuuanza hapa. Ukishaivuka hiyo minyororo umemaliza, hakuna daftari la kuandika jina, hakuna kuacha kitambulisho, hakuna "bosi niachie hata ya soda". Kadi inasomwa, baiskeli inasomwa, umeondoka, hela wanaikata benki baadaye. Mwanzoni nilikuwa naona kama watu wananinunia hivi, kumbe maisha yao ndo yako hivyo, mambo mengi yamepangwa ili usimsumbue mtu. Hata rafiki akitaka mnywe kahawa anafungua kalenda kwanza, anakwambia Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi, na atakuja saa kumi kweli.

Sasa baiskeli yenyewe. Ni nzito, haina gia, siti iko juu (wale watu ni warefu balaa, wa kimo chetu unaishusha mpaka mwisho), taa mbele na nyuma, kufuli lipo hapo kwenye tairi la nyuma. Kitu cha kuangalia ni breki. Unasimama kwa kurudisha pedeli nyuma, kwahiyo ile tabia yetu ya kuzungusha pedeli kinyumenyume ukiwa kwenye mteremko unapiga stori na mwenzako, huko ukifanya hivyo baiskeli inasimama hapo hapo na aliye nyuma yako anakuvaa mgongoni. Na ukifika kwenye taa nyekundu, panga pedeli ya kuondokea ikae juu kabla hujasimama, maana ukishasimama huwezi kuirudisha nyuma.

Njia za baiskeli nyingi ni za lami nyekundu na kwenye makutano mengi zina taa zake za kuongozea, ukikata kona unanyoosha mkono. Utapitwa na kila mtu aisee. Bibi wa umri wa mama yangu mkubwa anakupita na upepo wa mbele huku kakaa wima kabisa, unakuja kugundua baadaye yake ina mota. Mama mwingine ana sanduku la mbao mbele, ndani watoto wawili na mboga za sokoni, mvua inanyesha na wala hana habari.

Nilipofika hapo kuwasimulia pale kijiweni, mzee mmoja fundi akanikatiza, "Mwanangu, si matajiri hao? Magari wanayo?" Wanayo, mzee. Kwetu mtu akipata hela anatoka kwenye baiskeli ya Phoenix anahamia pikipiki halafu gari la IST, baiskeli haiangalii tena. Kule Mark Rutte akiwa waziri mkuu alikuwa anaonekana anaenda ofisini na baiskeli na hakuna wa kumcheka. Na sio kwamba walizaliwa hivyo, mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, watoto peke yao walizidi 400, wazazi wakaingia barabarani kuandamana, ikaja na shida ya mafuta ya 1973, ndo polepole njia zikaanza kutengenezwa. Leo pale stesheni ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya ardhi, unaingia unapedeli humo humo ndani, na saa 24 za kwanza ni bure.

Nilichokikosa ni fundi wa chini ya mwembe. Pancha ya baiskeli yako mwenyewe unapeleka dukani, unaambiwa yuro 15 au zaidi, na pengine upange siku ya kuileta. Yule mzee akarudia, "Miadi? Ya kuziba pancha?" akaendelea kupaka solusheni huku anatikisa kichwa. Hii ya kukodi angalau pancha sio mzigo wako, unawarudishia.

Mi naipa nyota 4 kwa mtu anayetembelea miji mingine. Kwa anayeenda kukaa mwaka mzima haina maana kukodi kila siku, nunua mtumba kwenye duka la fundi, na ununue makufuli mawili mazuri, maana wizi wa baiskeli huko ni mkubwa kuliko mnavyofikiria. Ukifuatwa barabarani usiku unauziwa baiskeli nzima kwa yuro 20, hiyo ni ya wizi, ukikamatwa nayo kesi ni yako.